Wanyama Kumi na Wawili katika Hesabu ya Miaka ya Wachina

Katika maandishi yahusuyo nchi za Mashariki ya Mbali husomwa mara nyingi kwamba mwaka fulani ulikuwa mwaka wa Farasi, na mwingine mwaka wa Nguruwe. Asiyeizoea desturi hiyo huenda akaidhani kuwa ni pambo la waaguzi tu. Lakini nyuma ya wanyama hao mna hesabu ya kale sana, na mwanahistoria atakaye kuzisoma tarehe za Kichina hana budi kuifahamu pamoja na mipaka yake.

Wanyama wenyewe ni kumi na wawili, na mfuatano wao haubadiliki: Panya, Ng'ombe, Chui-milia, Sungura, Joka, Nyoka, Farasi, Mbuzi, Nyani, Jogoo, Mbwa na Nguruwe. Ukiisha mwaka wa Nguruwe hurudi mwaka wa Panya. Kumpata mnyama wa mwaka wowote ni jambo jepesi. Mwaka wa Masihiya ugawanywe kwa 12, kisha litazamwe baki. Likiwa 4 mnyama ni Panya; 5 ni Ng'ombe; 6 Chui-milia; 7 Sungura; 8 Joka; 9 Nyoka; 10 Farasi; 11 Mbuzi. Lisipokuwapo baki ni Nyani; likiwa 1 ni Jogoo; 2 ni Mbwa; na 3 ni Nguruwe. Kwa mfano, 1911 ikigawanywa kwa 12 hubaki 3, basi mwaka huo ni wa Nguruwe. Hesabu huanzia 4 kwa sababu mwaka wa 4 B.K. ndio uangukiao mwanzo wa duru ya miaka ya Kichina.

Hata hivyo, wanyama hawakuwa asili ya hesabu hii. Kabla yao yalikuwapo majina kumi na mawili yaitwayo matawi, nayo ni zi, chou, yin, mao, chen, si, wu, wei, shen, you, xu na hai. Pamoja nayo yalikuwapo majina kumi yaitwayo mashina: jia, yi, bing, ding, wu, ji, geng, xin, ren na gui. Majina haya yote yameonekana juu ya mifupa na magamba ya kasa yaliyotumiwa kupigia ramli zama za wafalme wa Shang, yaliyochimbuliwa Anyang, na umri wake wapita miaka 3,000. Wakati huo yalihesabu siku, wala si miaka. Shina la kwanza liliunganishwa na tawi la kwanza, la pili na la pili, na kuendelea. Na kwa kuwa kumi huisha kabla ya kumi na mbili, jozi ya kwanza hairudi mpaka zitimie jozi 60.

Wanyama waliingia baadaye. Mwaka 1975, mahali paitwapo Shuihudi katika jimbo la Hubei, lilifukuliwa kaburi la karani wa dola ya Qin aliyezikwa yapata mwaka 217 K.K., na ndani yake zikaonekana hati zilizoandikwa juu ya vipande vya mianzi. Hati mojawapo yaeleza jinsi ya kumtambua mwizi kwa siku aliyoiba: siku ya zi mwizi ni kama panya, siku ya chou ni kama ng'ombe, na hivyo hivyo. Lakini orodha ile hailingani kabisa na ya leo. Tawi la wu lina kulungu badala ya farasi, farasi yuko katika wei, na chen haina mnyama. Kufika karne ya kwanza B.K., Wang Chong, mwanafalsafa aliyependa kuzipinga itikadi za watu wa zamani zake, aliwataja wanyama katika mpango ujulikanao sasa. Alikuwa akibishana na waliosema kwamba mnyama wa tawi la maji humshinda mnyama wa tawi la moto. Akauliza mbona panya hamfukuzi farasi. Basi mnyama ni jina la kukumbukia, na tawi ndilo hesabu yenyewe.

Shina la mwaka nalo hupatikana kwa tarakimu ya mwisho: 4 ni jia, 5 ni yi, na kuendelea hata 0 ambayo ni geng, 1 xin, 2 ren na 3 gui. Kwa hiyo 1911 ni xin pamoja na hai, na ndiyo maana mapinduzi yaliyoiondoa dola ya Qing huitwa na Wachina Mapinduzi ya Xinhai. Vivyo hivyo, vita vya Uchina na Japani vilivyoanza 1894 huitwa vita vya Jiawu, yaani mwaka wa Farasi.

Hapa ndipo penye hatari. Mwaka wa Kichina hauanzi tarehe 1 Januari. Huanza kwa mwezi mpya uangukao baina ya tarehe 21 Januari na 21 Februari, na mwezi huo hujulikana kwa hesabu za falaki, wala haungojewi kuonekana kama mwandamo wa Waislamu. Tena, kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezwa mwezi wa kumi na tatu, ili miezi isiachane na majira. Mfalme mtoto Puyi aliuacha ufalme tarehe 12 Februari 1912. Mwenye kugawanya 1912 kwa 12 hupata baki 4, akasema ni mwaka wa Panya. Lakini mwaka mpya ulikuwa haujaingia. Uliingia tarehe 18 Februari. Kwa hiyo dola ya Qing ilikufa ndani ya mwaka wa Nguruwe, ule ule wa Xinhai, na hati yoyote ya siku hizo iliyoandikwa mwezi wa kumi na mbili wa Xinhai ni ya 1912, si ya 1911. Upande wa Japani mambo ni mengine: tangu nchi hiyo ilipoifuata kalenda ya Kizungu mwaka 1873, mnyama hubadilika siku ya 1 Januari.

Hesabu hii yafaa pia kwa kuzihakikisha tarehe zihusuzo pwani ya Afrika Mashariki. Twiga aliyepelekwa na wajumbe wa Malindi kwa mfalme Yongle alifika mwaka wa 13 wa utawala wake. Mwaka wa kwanza wa utawala huo ni 1403, basi wa 13 ni 1415. Baki lake ni 11 na tarakimu ya mwisho ni 5, nao ni yiwei, mwaka wa Mbuzi. Msomaji akikuta jina la duru lisilopatana na mwaka wa utawala, hujua kwamba pana kosa la mwandishi au la mnakili.

Limebaki suala la tafsiri. Neno yang la Kichina lakusanya mbuzi na kondoo, na Kiswahili humlazimisha mfasiri achague mmoja. Neno hou ni la jamii nzima, ilhali Kiswahili chapambanua nyani, kima, tumbili na ngedere. Joka kwa Kiswahili ni nyoka aliyekuzwa, lakini kwa Kichina long na she ni viumbe mbali mbali, wala neno moja halikutoka katika jingine. Nao Wavietnam humweka paka mahali pa sungura. Kwa sababu hiyo, mfasiri wa hati zenye tarehe afadhali aandike jina la shina na tawi kwanza, ndipo amtaje mnyama. Kwani mnyama hubadilika kwa lugha na kwa nchi, na jina la tawi hubaki lile lile.