Kupanga likizo ya Tanzania: Msimu kwanza, mahali baadaye

Tanzania ni jirani ambaye Wakenya wengi hudhani wanamfahamu. Lugha ni moja, chakula hakitofautiani sana, na kutoka Nairobi hadi mpaka wa Namanga ni mwendo wa kilomita 165 hivi. Ujirani huo ndio huwaponza wasafiri. Familia hupanga likizo ya siku kumi kana kwamba inaelekea kaunti ya pili, kisha hujikuta ikimaliza zaidi ya nusu ya siku hizo ndani ya gari, huku akiba ya mwaka mzima ikiteketea katika mafuta na vyumba vya kulala vya njiani.

Nchi hiyo ina eneo la takriban kilomita mraba 945,000, zaidi ya mara moja na nusu ya ukubwa wa Kenya. Ndani yake mna mlima mrefu kuliko yote Afrika, Kilimanjaro wenye kimo cha mita 5,895, na sehemu ya Ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani. Mna nyika za Serengeti, misitu ya Usambara na Udzungwa, nyanda za baridi za Mbeya na Njombe, na pwani inayoanzia Tanga hadi Mtwara, pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia. Hakuna likizo moja inayoweza kuyameza yote hayo. Kazi ya kwanza ya mpangaji ni kuchagua atakachoacha.

MVUA HAZINYESHI PAMOJA

Jambo ambalo wageni wengi hawalitambui ni kwamba Tanzania ina utaratibu wa mvua wa aina mbili. Kaskazini na pwani ya kaskazini hupata misimu miwili kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Kenya: masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kusini, magharibi na katikati ya nchi huwa na msimu mmoja mrefu, unaoanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo msafiri anayeondoka Arusha mwezi Februari kukiwa kukavu anaweza kufika Katavi au Ruaha akute barabara za mbugani zimegeuka matope.

Kwa mzazi wa Kenya, hesabu hii hufungamana na kalenda ya shule, ambayo hutoa likizo mwezi Aprili, Agosti, na mwishoni mwa mwaka.

Aprili ndiyo likizo ngumu zaidi. Mvua huwa nchini kote, barabara za udongo hukwama, na baadhi ya kambi za watalii za kusini na magharibi hufungwa. Faida yake ni kwamba bei za malazi hushuka. Anayelazimika kusafiri mwezi huo afadhali abaki kwenye miji na barabara za lami, aache mbuga za mbali.

Agosti ni kinyume chake. Takriban nchi nzima huwa kavu, nyasi huwa fupi, na wanyama hukusanyika kwenye mito na visima. Huu ndio wakati wa kwenda Ruaha, Nyerere, Katavi na Mahale. Pia ni wakati ambapo makundi ya nyumbu huvuka Mto Mara kaskazini mwa Serengeti. Hata hivyo ni msimu wa wageni wengi, na anayengoja hadi Julai kutafuta chumba atapata kilichobaki kwa bei ya kilichobaki. Aidha, ni miezi ya kipupwe. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, ulio juu ya mita 2,200, na katika nyanda za Njombe, asubuhi huhitaji koti zito.

Desemba hugawanya nchi. Vuli hupungua kaskazini, na kuanzia Januari hadi Machi nyumbu huzaa katika nyanda za Ndutu, kusini mwa Serengeti. Mafia huwa na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiyemdhuru mwanadamu, ambaye huonekana hapo kati ya Oktoba na Machi. Kusini, mvua huwa zimeanza, lakini kuna mahali pamoja panapongojea mvua hizo: Hifadhi ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua yake ya porini huchanua wakati mbuga nyingine za kusini hazipitiki.

UMBALI UPIMWE KWA SAA

Ramani hudanganya. Kutoka Namanga hadi Arusha ni kilomita 110 hivi, na barabara ni nzuri. Lakini kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, na kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya 800. Mwendo katika maeneo ya makazi umewekewa kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na askari wa trafiki husimama vijijini na vipima mwendo. Dereva anayezoea kukadiria kilomita 80 kwa saa apunguze hesabu hiyo hadi 55 au 60, kisha aongeze saa moja ya kupumzika. Siku ya kuvuka mpaka isipangiwe jambo jingine zito.

Kanuni inayowafaa wengi ni kulala angalau siku mbili katika kila kituo, na kutosafiri mwendo mrefu siku mbili mfululizo. Watoto na wazee ndio huonyesha uchovu kwanza, lakini dereva ndiye aliye hatarini zaidi.

Usafiri wa umma umebadilika. Treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na ikafika Dodoma mwezi uliofuata. Safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyokuwa ikichukua mchana mzima kwa basi, sasa huchukua takriban saa nne. Upande wa Ziwa Victoria, daraja la Kigongo hadi Busisi lenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu lilifunguliwa Juni 2025, na kuwaondolea wasafiri wa Mwanza na Geita adha ya kungojea kivuko.

KANDA NNE, LIKIZO NNE

Kaskazini hutosha kwa juma moja. Njia ya kawaida huanzia Arusha, hupitia Tarangire au Ziwa Manyara, hupanda Ngorongoro na kuishia Serengeti. Bonde la Ngorongoro lina upana wa kilomita zipatazo 20 na kina cha mita 600. Njiani kuna Oldupai, ambako Mary Leakey alipata fuvu la kale la jamii ya binadamu mwaka 1959. Mwaka huohuo eneo la Ngorongoro lilitengwa na Serengeti ili wafugaji na wanyamapori waishi pamoja. Mpango wa kuwahamishia wakazi Msomera, wilayani Handeni, ulioanza mwaka 2022, umezua mvutano mkubwa. Mgeni anayepita hapo afahamu kwamba ile si mbuga tupu. Ni makao ya watu.

Kilimanjaro ni safari ya peke yake, si ya kuongezwa mwishoni. Kupanda bila kiongozi mwenye leseni hakuruhusiwi. Njia ya Marangu huuzwa kwa siku tano, lakini siku ya sita ya kuuzoesha mwili hewa hafifu huongeza uwezekano wa kufika kileleni. Maumivu makali ya kichwa, kutapika na kupepesuka ni dalili za kushuka mara moja. Pesa zilizokwisha kulipwa zisiwe sababu ya kuendelea, kwa kuwa ugonjwa huo huua.

Pwani huhitaji juma moja pia. Boti ziendazo kasi huvuka kutoka Dar es Salaam hadi Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Mgeni kutoka nje ya Tanzania hukaguliwa pasipoti tena anaposhuka Unguja, hivyo asiiache hotelini bara. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2000. Anayetaka utulivu na historia zaidi aelekee Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331 na ambao magofu ya msikiti wake mkuu yangali yamesimama.

Kusini hudai siku kumi au zaidi. Kutoka Morogoro msafiri anaweza kuingia Udzungwa, yenye maporomoko ya Sanje, kisha kupitia Iringa hadi Ruaha, mbuga ya kilomita mraba zipatazo 20,000. Hifadhi ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, ni kubwa zaidi ya hapo. Wageni ni wachache, na vituo vya mafuta pia ni vichache.

Magharibi ni kwa mwenye muda. Kigoma ndiko reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani ilikofika mwaka 1914. Karibu nayo ni Ujiji, ambako Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Kaskazini mwa mji huo ni Gombe, ambako Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Gombe na Mahale hufikiwa kwa boti, na ratiba za ziwani hazifuati saa ya mgeni. Siku mbili za akiba ni lazima.

HATI NA ADA

Mkenya hahitaji viza. Hata hivyo, mpango wa kusafiri kwa kitambulisho cha taifa, ulioanza mwaka 2014, ni wa Kenya, Uganda na Rwanda. Kwa Tanzania, pasipoti au hati ya muda ya kusafiria inahitajika, hata kwa mtoto mchanga.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huulizwa mpakani. Chanjo huhesabiwa kuwa halali siku kumi baada ya kudungwa, kwa hiyo anayekumbuka siku ya kuondoka amechelewa. Tangu Julai 2016, cheti hicho hudumu maisha yote, na chenye tarehe ya zamani kisikataliwe. Dawa za kinga ya malaria zijadiliwe na daktari mapema. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania kuanzia Juni 2019, na mgeni hutakiwa kuiacha anapoingia.

Katika hifadhi za taifa, raia wa Afrika Mashariki hulipa ada ndogo mno kuliko mgeni wa mbali, mradi athibitishe uraia wake langoni. Gari lenye nambari za usajili za Kenya, kinyume chake, hutozwa zaidi ya lile la Tanzania. Kwa familia ndogo, kukodi gari na dereva Arusha huenda kukawa nafuu kuliko kuendesha gari lao wenyewe. Ada hizo hazipokewi kwa pesa taslimu, na anayepita Ngorongoro kwenda Serengeti hulipia sehemu zote mbili.

Kosa moja hujirudia. Msafiri hutazama ramani, akaona Masai Mara na Serengeti zimepakana, akapanga kuvuka kutoka moja hadi nyingine. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilipovunjika. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini lango la Bologonja halikurejeshewa watalii. Nyumbu huvuka, binadamu huzunguka hadi Isebania na Sirari, na mzunguko huo humla mchana mzima.

TAHADHARI YA MWISHO

Hali ya usalama ichunguzwe kabla ya kulipa, na tena kabla ya kuondoka. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, kulizuka ghasia, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa Dar es Salaam, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na tiketi, ramani na pesa zake zote ndani ya simu alibaki mikono mitupu. Nakala za karatasi, nambari za simu za ubalozi zilizoandikwa kwa mkono na kiasi cha shilingi za Tanzania mfukoni ni mzigo mwepesi.

Hatimaye, asilimia kumi ya bajeti iwekwe kando bila kupangiwa chochote, pamoja na siku moja tupu katikati ya safari. Gari litaharibika, mtoto atapata homa, au kijiji kimoja kitapendeza kiasi cha wageni kukataa kuondoka. Asiye na siku ya ziada hulazimika kulipita hata lile zuri alilolifuata. Tanzania haitahama. Aliyeona kaskazini mwaka huu kwa utulivu atakuwa na sababu ya kurejea kusini mwaka ujao, na atakuwa na akiba ya kumfikisha huko.