Ngozi ya Sungura ya Charlie Evans

Januari 1925 dondakoo lilizuka Nome, mji mdogo wa Alaska ulio kando ya Bahari ya Bering. Bandari ilikuwa imefungwa na barafu, na ndege za enzi hizo hazikuaminika katika baridi ile. Dawa ikaletwa kwa treni hadi Nenana. Kutoka hapo zilibaki zaidi ya kilomita 1,000 za theluji. Waendeshaji 20 wa sleji, wakiwa na mbwa wapatao 150, waliipokezana usiku na mchana, ikafika Nome tarehe 2 Februari.

Wengi wanaoikumbuka safari hiyo humtaja Balto, mbwa aliyeongoza kundi la mwisho, ambaye sanamu yake imesimama Central Park, New York, tangu Desemba mwaka huohuo. Lakini anayetaka kujua baridi humfanya nini mbwa na amtazame Charlie Evans, aliyeichukua dawa Bishop Mountain kuipeleka Nulato. Baridi ilikuwa imepita nyuzi 50 za Selsiasi chini ya sifuri. Mbwa wake wawili wa mbele walikuwa chotara wenye manyoya mafupi. Mbwa wa aina hiyo walifungwa ngozi ya sungura kwenye kinena, mahali ambapo manyoya ni haba na ngozi ni nyembamba. Evans alisahau. Njiani nyama yao ikaanza kuganda, wakaanguka wote wawili, naye akajitia kambani na kuvuta pamoja na mbwa waliobaki. Dawa ilifika Nulato. Mbwa wale walikufa.

Ngozi ile haikuwa pambo hata kidogo. Iliziba pengo ambalo maumbile yameliacha wazi, na mapengo hayo hayalingani kwa mbwa wote. Husky wa Siberia, aliyevushwa hadi Alaska mwanzoni mwa karne ya 20, ana manyoya ya tabaka mbili: ya ndani laini na mazito, yanayoshika hewa yenye joto, na ya nje marefu, yanayozuia theluji. Akilala hujikunja na kufunika pua kwa mkia. Hata nyayo zake zina kinga: mwaka 2011 wanasayansi wa Japani walieleza kwamba katika wayo wa mbwa mishipa inayopeleka damu yenye joto imepakana na ile inayorudisha damu iliyopoa, hivyo damu hupashwa kabla haijarejea mwilini.

Greyhound, mwembamba na mwenye manyoya mafupi, hana akiba hiyo. Kwake koti la sufu ni hitaji la kweli, kama lilivyo kwa mbwa mchanga, mzee au mgonjwa. Husky mzima akivalishwa koti hilohilo kisha akimbizwe, ataelemewa na joto.

Nyayo, hata zikiwa na joto, hukatwa na barafu. Wainuit waliwashonea mbwa wao viatu vya ngozi ya sili, wakiacha matundu ya kucha, kwa ajili ya majira ambayo barafu huwa na makali. Iditarod, mashindano ya sleji yaliyoanza 1973 na ambayo huishia Nome, humtaka kila mwendeshaji awe na viatu vinane kwa kila mbwa. Siku hizi ni vya kitambaa kigumu, hufungwa kwa mkanda juu ya wayo, na huvuliwa mbwa anapopumzika ili damu ipite vizuri.