Gunia Lilivyogeuka Shamba

Pekua simu yako leo na utaona vijana wakipanda dania kwenye chupa zilizokatwa na nyanya kwenye ndoo za rangi, na kila mmoja anasema huu ni mtindo mpya wa mjini. Mpya kwa nani? Mikebe ya mafuta ya kupikia imeota maua kwenye veranda za Trans-Nzoia tangu zamani za akina nyanya. Tena kwetu Kenya, kupanda kwenye chombo kumefungamana sana na swali la ardhi: nani anayo, nani ameazimwa, na nani hana kabisa.

Tuanzie kaskazini-magharibi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1919, serikali ya kikoloni iliwagawia wanajeshi Wazungu mashamba makubwa, na Trans-Nzoia ikawa moja ya sehemu hizo. Nyanda ambazo wafugaji wa Kisabaot na Kipokot walilisha ng'ombe zikapewa namba na majina ya masetla. Reli ilipofika Kitale 1926, mahindi yakapata njia ya kwenda sokoni, na masetla wakahitaji mikono ya kuyalima.

Mikono hiyo ilikuwa ya maskwota. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanye kazi angalau siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa shambani, kulima kipande chake na kufuga. Sheria ya 1937 ikazipa halmashauri za masetla nguvu ya kupunguza mifugo na vipande hivyo, na siku za kazi zikaweza kufika 270. Hebu fikiria: unalima ekari mia za mtu mwingine, halafu mboga yako inategemea ruhusa yake. Ukiwa unaishi laini, kilichobaki ni ile nafasi ndogo nyuma ya nyumba, pale majivu na samadi vinapotupwa.

Na hapo ndipo gunia linapoingia. Neno lenyewe ni mgeni, lilikuja kwetu kutoka India, na kwa muda mrefu magunia ya dunia yalisokotwa kwa nyuzi za juti ya Bengal. Huku kwetu likawa kipimo cha maisha. Mpaka leo mtu wa Kachibora, chini ya milima ya Cherang'any, akitaka kujua kama mwaka ulikuwa mzuri atakuuliza, "Ulitoa gunia ngapi?" Gunia la kilo 90 linalipa karo, linalipa deni la mbolea, linalipa mahari.

Baada ya uhuru mahindi hayakurudi nyuma. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mbegu ya H611, iliyozaliwa kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na aina iliyotoka Ecuador. Wakulima wadogo waliikimbilia kwa sababu ilizaa kweli. Lakini mashamba nayo yalikuwa yakigawanywa. Baba aliyenunua ekari kumi kupitia kampuni au ushirika aligawia wana watano, na wao wakagawia wao. Kipande kikipungua, kitu cha mwisho kupunguzwa ni mahindi. Yakapandwa hadi karibu na mlango. Sucha, saga na mrenda, mboga zilizokuwa zikiota zenyewe kwenye samadi ya boma, zikaitwa magugu, na mwenye kuzipika akaonekana hana uwezo wa kununua kabeji. Ndiyo sababu unaweza kukuta nyumba katika kapu la chakula la Kenya ina stoo imejaa na inanunua mboga sokoni.

Mjini hali ilikuwa ngumu zaidi. Nairobi ya kikoloni ilimtaka Mwafrika kama kibarua wa muda, na kulima ndani ya mji kulionekana uchafu. Hata baada ya uhuru, askari wa kanjo walifyeka mahindi ya kando ya barabara. Halafu ikaja ghasia ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao, Trans-Nzoia ikiwemo. Kibera reli iling'olewa, maduka yakachomwa, chakula kikapanda bei. Mwaka huo wa 2008 shirika la Ufaransa, Solidarités, lilianza kugawa miche Kibera, na magunia ya mboga yakaenea kwenye vichochoro.

Mbinu yenyewe ni rahisi. Unachanganya udongo na samadi, unasimamisha mkebe usio na kitako katikati ya gunia na kuujaza mawe, unamwaga udongo pembeni, kisha unavuta mkebe juu na kujaza tena mpaka gunia lijae. Mawe yanapitisha maji hadi chini. Ubavuni unatoboa matundu ya miche ya sukuma wiki na sucha, juu unaweka vitunguu au dania. Gunia moja linakaa kwenye nafasi ya stuli.

Serikali ilifuata nyuma. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kutambua kilimo cha mjini 2015, na 2020, wakati wa korona, Wizara ya Kilimo ikahimiza bustani milioni moja za jikoni.

Vizuri. Lakini tusidanganyane. Gunia halitoi ugali, na linahitaji maji ambayo mpangaji wa mtaani hununua kwa mtungi. Mwenye ploti akisema liondoke, litaondoka. Kiongozi akikusifu kwa kulima kwenye veranda, muulize pia ardhi ya umma ya mtaa wako ilienda wapi.

Hata hivyo kuna jambo ambalo skwota wa 1937 angelielewa mara moja. Kipande chake kingeweza kupimwa na kupunguzwa na mtu wa ofisini. Ukihama kutoka Kachibora kwenda Kitale, au kutoka Kibera kwenda Kayole, mkebe wa dania unaupakata kwenye matatu. Gunia ni zito, hilo utaliacha. Udongo unaumwaga, gunia unalikunja, na mbegu za sucha unazifunga kwenye kipande cha gazeti.