Kalamu ya Daktari na Mfuko wa Umma

Mwaka 1934, chama kimoja cha afya ya watoto nchini Marekani kilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika shule za Jiji la New York. Watafiti waliwachukua watoto 1,000 wenye umri wa miaka 11, wakakuta asilimia 61 wameshakatwa mafindofindo, ambayo wengi wetu huyaita tonsesi. Watoto 390 waliobaki wakapelekwa kwa madaktari, nao wakaamua kwamba asilimia 45 wanahitaji kukatwa. Walioonekana hawana haja hiyo wakapelekwa kwa madaktari wengine, na hao wakapendekeza asilimia 46 wakatwe. Waliosalia wakapelekwa kwa kundi la tatu, likapendekeza asilimia 44. Mwisho wa zoezi, kati ya watoto 1,000, walikuwa wamebaki 65 tu ambao hakuna daktari aliyetaka kuwapasua.

Koo za watoto hazikubadilika kati ya chumba kimoja na kingine. Kilichojirudia ni mazoea ya madaktari: kila aliyeletewa kundi la watoto alitarajia kwamba karibu nusu yao ni wagonjwa, naye aliwapata. Sisi wasomi tuna tabia ya kuwashangaa wazee wanaokata vimeo vya watoto kwa imani kwamba ndivyo vinavyoleta kikohozi. Kumbe wataalamu wenye shahada, katika jiji tajiri kuliko mengi duniani, nao walikuwa na kimeo chao.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinatusaidia kuelewa jambo ambalo mijadala yetu ya bajeti ya afya hulipita kwa haraka. Tunapouliza fedha za afya zimekwenda wapi, huwa tunawatazama waziri, bohari ya dawa na mkaguzi wa hesabu. Aghalabu hatumtazami mtu anayeshika kalamu katika chumba cha daktari. Kipimo hakifanyiki, dawa haitoki dirishani na kitanda hakikaliwi mpaka yeye aandike. Serikali au mfuko wa bima huidhinisha fedha, lakini anayeamua zitumike kwa nini hasa ni yeye.

Mwaka 1938, Dkt. J. Alison Glover aliwaeleza wenzake wa Royal Society of Medicine mjini London kwamba idadi ya watoto waliokatwa mafindofindo nchini Uingereza ilitofautiana mno kati ya eneo na eneo, bila hali ya hewa, umaskini wala msongamano wa nyumba kuweza kueleza tofauti hiyo. Watoto wa wenye uwezo ndio waliokatwa zaidi. Katika kitongoji cha Hornsey, daktari mpya wa shule alipochukua nafasi ya mwenzake mwishoni mwa miaka ya 1920, upasuaji huo ulishuka hadi takriban sehemu ya kumi ya ulivyokuwa. Watoto, shule na mitaa vilikuwa vilevile. Aliyebadilika ni daktari. Wala Glover hakuona dalili kwamba afya ya watoto wale ilizorota.

Miaka 35 baadaye, John Wennberg na Alan Gittelsohn walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wao kuhusu jimbo la Vermont, Marekani. Waliligawa jimbo katika maeneo 13 kwa kufuata hospitali ambazo wakazi walizitumia. Katika eneo moja, watu 13 katika kila 10,000 walikatwa mafindofindo kwa mwaka. Katika eneo jingine, 151. Majirani hao walikula chakula kilekile na kupigwa na baridi ileile. Walichotofautiana ni imani za madaktari wao, pamoja na idadi ya wapasuaji na vitanda vilivyokuwapo.

Mwanauchumi Kenneth Arrow alikuwa ameshaeleza, mwaka 1963, kwa nini soko la tiba halifanani na soko la viatu. Mnunuzi wa viatu anaujua mguu wake. Mgonjwa hajui anachohitaji. Humtegemea yuleyule anayemuuzia huduma amwambie. Kila aliyewahi kupeleka gari gereji bila kujua lolote kuhusu injini anaielewa hali hiyo, ila gari unaweza kuliuza na mwili huna pa kuupeleka.

Msomaji anaweza kusema: hayo ni ya matajiri, sisi tusio na vitanda vya kutosha yanatuhusu nini? Yanatuhusu zaidi, kwa kuwa maskini akipoteza hana pa kufidia. Tuitazame historia yetu ya homa.

Kwa miongo mingi, katika zahanati na hospitali za Tanzania, homa ilihesabiwa kuwa malaria. Klorokwini ilikuwa rahisi, maabara zilikuwa chache, na kumpa kila mwenye homa dawa ya malaria kulionekana kuwa busara. Mwaka 2004, Hugh Reyburn na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ uchunguzi wa hospitali za kaskazini-mashariki mwa nchi yetu. Kati ya wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali, chini ya nusu walikutwa na vimelea. Waliokuwa na vimelea walifariki kwa kiwango cha asilimia 7 hivi. Wasiokuwa navyo, asilimia 12 hivi. Na wengi wa hao wa pili hawakupewa dawa za kuua bakteria, ambazo huenda zingewaokoa. Hapo gharama haikuishia kwenye dawa iliyotolewa bure. Ilihesabiwa kwa makaburi.

Mwishoni mwa mwaka 2006 nchi ilianza kutumia dawa mseto, yenye bei mara kadhaa ya zile za zamani, na mazoea yaleyale yakawa ghali ghafla. Vipimo vya haraka vikaletwa. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao kipimo kilisema hawana malaria waliandikiwa dawa ya malaria hata hivyo, na haikujalisha kama kipimo kilikuwa cha darubini au cha haraka. Kifaa kipya kilikuwa kimefika, lakini kalamu ilikuwa ileile ya zamani.

Nasisitiza kwamba waganga hao hawakuwa wezi. Hawakupata hata senti kwa dozi waliyoandika. Walifuata walichofundishwa, walichokiona kwa wakubwa wao, na walichotarajia mgonjwa aliyetembea saa tatu kufika zahanati, ambaye angesikitika kurudi nyumbani mikono mitupu. Hapa ndipo ninapotofautiana na namna tunavyozungumzia bima ya afya siku hizi.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Kwa sehemu kubwa umekuwa ukilipa huduma moja baada ya nyingine: kipimo kwa bei yake, dawa kwa bei yake. Mpango huo humzawadia anayeandika sana kuliko anayeandika kwa kipimo. Mwezi Machi 2024, ugomvi juu ya bei za kitita kipya cha mafao ulifika mahali ambapo baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama. Pande zote zilibishana kuhusu bei. Ni wachache waliouliza juu ya idadi: vipimo vingapi, kwa sababu gani, na kwa nini hospitali hii ni tofauti na ile. Ilhali matumizi ni bei mara idadi.

Mfuko huwasaka wadanganyifu, na ni sawa usake. Lakini historia inatufundisha kwamba sehemu kubwa ya upotevu hutokana na daktari mwaminifu asiyejua kwamba anaandika tofauti na mwenzake wa wilaya jirani. Huyo hatibiwi kwa kamata-kamata. Vermont inatupa mfano. Madaktari walipoonyeshwa takwimu zao na kuanza kupitia upya wenyewe sababu za kupasua, upasuaji wa mafindofindo katika jimbo ulipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache. Hawakuhitaji polisi. Walihitaji kioo.

Sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Ikiwa kila Mtanzania ataingia chini ya mwavuli huo, basi takwimu za kila wilaya zichambuliwe na kurudishwa kwa madaktari, mwongozo wa taifa wa matibabu ufundishwe kazini na si chuoni pekee, na njia ya malipo isimwadhibu anayeandika kidogo kwa haki. Wakati huohuo tusimwachie daktari lawama ya peke yake. Mtu anayeona wagonjwa 80 kwa siku, katika kituo kisicho na vitendanishi, ataandika kwa mazoea kwa sababu hakuachiwa nafasi ya kufikiri.

Kwa wanafunzi wangu wa tiba na wa uchumi ninaacha swali moja la kufanyia kazi: chukueni ugonjwa mmoja na wilaya mbili jirani, mkaulize kwa nini zinaandikiwa tofauti. Jibu mtakalolipata litawaeleza bajeti ya afya ya nchi hii vizuri kuliko hotuba nyingi za bungeni.