Herufi Zilizopotea: Mipangilio ya Kina ya Hifadhidata na Tahajia za Afrika Mashariki

Utangulizi

Anayeunda hifadhidata mpya hukutana na sehemu ya mipangilio ya kina, ambayo wengi huipita bila kuisoma. Makala haya yanadai kwamba sehemu hiyo ni uwanja wa sera ya lugha. Hapo ndipo huamuliwa usimbaji wa herufi, yaani namna kila herufi inavyogeuzwa kuwa nambari, na ulinganishi wa herufi, yaani kanuni za kuamua herufi zipi zihesabiwe kuwa sawa na ipi itangulie nyingine. Asiyechagua huachia uamuzi huo mtengenezaji wa programu.

Urithi wa chaguo-msingi

Msimbo wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, ulikuwa na nafasi 128 pekee. Mwaka 1987 kiwango cha ISO 8859-1, kijulikanacho pia kama Latin-1, kiliziongeza hadi 256 kwa mahitaji ya Ulaya Magharibi. Unicode, iliyotoa toleo la kwanza mwaka 1991, ilikusudia kubeba maandishi ya dunia nzima. Mwaka uliofuata Ken Thompson na Rob Pike wakabuni usimbaji wa UTF-8. Hata hivyo, programu ya MySQL, iliyoanzia Uswidi mwaka 1995, ilibaki na Latin-1 pamoja na ulinganishi wa Kiswidi kuwa chaguo-msingi hadi toleo la 8.0 la mwaka 2018. Kwa hiyo, kamusi iliyohifadhiwa Nairobi au Kampala bila kubadilisha mipangilio hiyo ilipanga maneno yake kwa kanuni za Kiswidi.

Kwa nini Kiswahili hakikufichua kasoro

Tahajia ya Kiswahili sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1930, haina alama juu ya herufi. Hata sauti ya ng' huandikwa kwa ritifaa, ambayo imo ndani ya ASCII. Kwa hiyo, mtafiti aliyejaribu mfumo wake kwa Kiswahili peke yake aliuona mzima.

Lugha jirani hazikupata bahati hiyo. Gĩkũyũ hutumia ĩ na ũ, na Luganda hutumia ŋ. Herufi hizo hazimo katika Latin-1. Palipokosekana udhibiti mkali wa data, mfumo uliweza kuweka alama ya kuuliza mahali pake: mũndũ likawa m?nd?, na eŋŋoma likawa e??oma. Hasara hiyo haitibiki kwa kubadilisha usimbaji baadaye, kwa kuwa herufi yenyewe haikuhifadhiwa. Kiswahili cha hati za Kiarabu nacho kimo katika hatari hiyohiyo, na hapo urithi ulio hatarini ni wetu wenyewe.

Ulinganishi: tatizo lililosalia

Kuhamia UTF-8 hakukumaliza suala. Chaguo-msingi la MySQL tangu toleo la 8.0 hupuuza alama za juu, hivyo u na ũ huhesabiwa kuwa herufi moja. Kwa msomaji wa Kifaransa jambo hilo hurahisisha utafutaji. Kwa Gĩkũyũ, yenye irabu saba, hufuta tofauti kati ya fonimu mbili. Na pale safu inapodaiwa kuwa na maingizo yasiyojirudia, kidahizo cha pili hukataliwa kana kwamba ni nakala ya cha kwanza.

Wakati wa kuamua nao una uzito. Katika PostgreSQL, usimbaji huwekwa hifadhidata inapoundwa wala haubadilishwi baadaye; anayetaka mwingine hulazimika kuunda hifadhidata mpya na kuhamishia data yote humo.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba chaguo-msingi hubeba alfabeti ya mahali lilikozaliwa. Taasisi zinazogharimia kamusi, kongoo na sajili za majina katika kanda yetu zapaswa kutaja usimbaji na ulinganishi ndani ya mikataba yao, kuzijaribu herufi ĩ, ũ na ŋ pamoja na hati za Kiarabu kabla ya kupokea mfumo, na kuyaandika maamuzi hayo katika maelezo ya data. Kiswahili kikiwa lugha ya kuunganisha kanda, wataalamu wake ndio wenye wajibu wa kwanza kukagua kasoro ambayo lugha yao wenyewe haiwezi kuwaonyesha.