"Spinster": Jina la Kazi Lililogeuzwa Dharau

Mwanafunzi wa Kiingereza hukaririshwa maneno mawilimawili, la kiume na la kike: "actor" na "actress", "bachelor" na "spinster". Kwa mzawa wa Kiswahili jambo hili ni geni, maana mpishi ni mpishi, awe mume au mke.

Kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kiligawa nomino zake katika jinsia tatu, na mgawanyo huo haukufuata maumbile. "Wif", yaani mwanamke, halikuwa la kiume wala la kike. "Wifmann", lililozaa "woman" ya leo, lilihesabiwa la kiume.

Kwenye majina ya kazi, hata hivyo, mwanamke alikuwa na alama yake mwenyewe, kiambishi "-estre". Mwanamume aliyeoka mikate aliitwa "bæcere", mwanamke "bæcestre". Mwanamke mfumaji alikuwa "webbestre". Baadaye wanaume nao wakaitwa kwa majina hayohayo, na alama ikafifia. Leo Baxter, Webster na Brewster ni majina ya koo, lakini asili yake ni akina mama waliooka, waliofuma na waliopika pombe. Neno "seamster", yaani mshonaji, lilibandikwa kiambishi cha pili, "-ess", kilichotoka Kifaransa. Ndipo likapatikana "seamstress", neno moja lenye alama mbili za mwanamke.

"Spinster" lilipata mkasa mkubwa zaidi. Aliyeitwa hivyo alikuwa msokotaji nyuzi: mkono mmoja unavuta sufu taratibu, mwingine unazungusha kijiti, uzi unajikunja humo tangu asubuhi hadi jioni. Wengi waliojikimu kwa kazi hiyo hawakuwa na waume. Makarani waliliandika neno hilo kando ya jina la mwanamke, na kufikia karne ya 17 likawa neno la kisheria la mwanamke asiyeolewa. Kisha likawa la kumsimanga aliyechelewa kuolewa. "Bachelor" halikupata doa hilo. Shahada ya kwanza ya chuo kikuu huitwa hivyo hadi leo, hata mhitimu akiwa mwanamke. Huo ni upendeleo wa wazi.

Mwaka 2005 wasajili wa ndoa wa England na Wales waliacha kuandika "bachelor" na "spinster". Bwana na bibi harusi wote wakawa "single". Vitabu vya shule bado vina maneno hayo. Mwalimu anayeyaandika ubaoni na awaambie watoto kwamba "spinster" lilikuwa jina la fundi.