Lisemwalo Lipo, Hata kwa Magari

Juma hili nataka kuzungumzia uvumi. Sina maana ya uvumi wa siasa, kwani huo haujapungukiwa na wasemaji. Nazungumzia uvumi wa gari: watu wanaponong'onezana kwamba gari fulani halinunuliki, na kwamba kiwanda kinakaribia kuacha kulitengeneza. Mwenye kwenda kwa miguu atasema hilo halimhusu. Lakini mwulizeni aliyejinyima miaka kumi akalinunua gari hilo mwezi uliopita. Mwulizeni pia anayelifunga nati kiwandani na kusomesha watoto kwa kazi hiyo. Hao wawili uvumi huo huwanyima usingizi.

Wahenga wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa magari methali hii ina ukali wake. Jambo linaweza kuwa halipo kabisa, lakini likija, pengine huja kwa sababu lilisemwa.

Nichukue mfano wa gari moja la huko Marekani. Ni la jamaa ya magari yanayoitwa krosova. Kwa lugha ya mitaani ningesema krosova ni gari lenye sura ya shangingi na utumbo wa gari dogo. Limeinuka, lina nafasi ya familia na mizigo, lakini chini halikujengwa kwa chasisi nzito ya kupanda milima. Limejengwa juu ya msingi wa saluni. Toyota ilitoa RAV4 mwaka 1994, Honda ikafuata na CR-V mwaka 1995, na Desemba 1997 Toyota ikatoa Harrier, gari ambalo mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kutambulishwa kwake.

Biashara hiyo ikanoga, na kila kampuni ikataka sehemu yake. Novemba 2009 Honda ikaanza kuuza Marekani gari lililoitwa Accord Crosstour. Lilikuwa Accord iliyoinuliwa na kupewa mgongo unaoteremka nyuma kama wa kobe. Bei yake ilianzia dola 30,000 hivi. Hata kabla halijafika madukani watu wengi walioona picha zake walilikejeli. Katika majibizano hayo, meneja mmoja wa kampuni hiyohiyo akajitokeza kulisifu bila kusema yeye ni nani. Alipogundulika, kampuni ikayaondoa maneno yake. Ngoma ilikuwa imeanza vibaya.

Ubaya wa Crosstour haukuwa katika injini wala uimara wake. Ulikuwa katika hesabu ya mnunuzi. Mgongo ule wa kobe ulikula nafasi ya mizigo, na katika duka lilelile la Honda palikuwa na CR-V, yenye nafasi zaidi na bei ndogo. Mwaka 2010 Crosstour ziliuzwa zaidi ya 28,000 nchini Marekani, na huo ndio ukawa mwaka wake mzuri kuliko yote. Honda ikaondoa jina la Accord, ikaongeza injini ndogo, ikatengeneza upya sura ya mbele. Haikusaidia. Mwaka 2014 ziliuzwa pungufu ya 12,000, wakati CR-V mwaka huohuo ziliuzwa zaidi ya 300,000.

Hapo ndipo fununu zinaponenepa. Na ningependa tuangalie jinsi zinavyofanya kazi, kwa maana watu hudhani uvumi hautembei bila mwongo. Sivyo. Mnunuzi anasikia kwamba gari litaachwa, anaogopa kukosa vipuri, anasita. Wakala akiona magari yamejaa uani anapunguza bei. Punguzo lile linakuwa ushahidi: kumbe ni kweli, mbona wanayatupa? Mwenye gari naye anataka kuliuza kabla halijashuka thamani zaidi, na wauzaji wakiwa wengi, thamani inashuka kweli. Mwisho wa mwaka wakuu wa kampuni wanafungua daftari, wanakuta mauzo yameanguka, wanaamua kuliacha. Katika mzunguko huo hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja amefanya lililo la busara kwa upande wake, na wote kwa pamoja wamelizika gari.

Wamarekani gari la namna hiyo huliita yatima, na wana kumbukumbu ya kuwatisha. Kampuni ya Studebaker, ya mji wa South Bend katika jimbo la Indiana, ilianza mwaka 1852 kwa kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Ilipofika miaka ya 1950 ilikuwa imebanwa na makampuni makubwa ya Detroit, na minong'ono kwamba itaacha biashara ya magari haikukatika. Kwa mwaka 1963 ilileta gari la familia lililoitwa Wagonaire, ambalo sehemu ya nyuma ya paa iliweza kutelezeshwa mbele ili mtu apakie kitu kirefu kikiwa kimesimama. Lilikuwa wazo zuri, ila paa lenyewe lilivuja mvua. Na nani atavumilia paa linalovuja la kampuni inayosemekana inakufa?

Tarehe 9 Desemba 1963 kampuni ilitangaza kwamba inafunga kiwanda cha South Bend. Ikaahidi kuendelea kutengeneza magari katika kiwanda chake cha Hamilton, nchini Kanada. Wanunuzi wengi hawakuusubiri mwisho wa hadithi. Machi 1966 kiwanda cha Hamilton nacho kikanyamaza.

Lakini mwenye gari hakuwa yatima peke yake. Mfuko wa pensheni wa South Bend haukuwa na fedha za kuwatosha wote. Waliokwisha kustaafu, na waliofikia umri wa kustaafu, walilipwa. Wengine wapatao 4,000, wa umri kati ya miaka 40 na 59, waliambulia karibu asilimia 15 ya walichostahili, nao kwa wastani walikuwa wameitumikia kampuni miaka 23. Waliokuwa na umri au utumishi mdogo kuliko hao hawakupata hata senti. Wazee wetu waliofanya kazi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyovunjika mwaka 1977, na kisha wakafuatilia mafao yao hadi mvi zikawajaa, hawahitaji tafsiri ya habari hiyo. Kisa cha Studebaker kilitajwa mara kwa mara huko Marekani hadi mwaka 1974, Rais Gerald Ford alipotia sahihi sheria ya kulinda pensheni za wafanyakazi wa makampuni.

Sasa, je, uvumi wa namna hii una dawa? Kampuni nyingi hukimbilia kukanusha. Lakini kukanusha ni maneno, na mwenye hofu amekwisha kuyasikia maneno mengi. Tazameni yaliyotokea mwaka 2009. General Motors na Chrysler zilikuwa taabani, na kila mtu aliuliza: nikinunua gari leo, kesho kampuni ikifa, nani atalitengeneza? Serikali ya Marekani haikuwaambia wananchi kwamba makampuni yale ni mazima. Mwezi Machi ilitenga hadi dola bilioni 5 kuwasaidia watengenezaji wa vipuri, na tarehe 30 ya mwezi huo Rais Barack Obama akatangaza kwamba serikali yenyewe itasimama nyuma ya dhamana za magari mapya ya makampuni hayo mawili. Chrysler iliomba ulinzi wa mahakama ya wafilisi tarehe 30 Aprili, General Motors tarehe 1 Juni. Zote mbili ziliendelea kuuza magari, na fedha zilizowekwa kwa ajili ya dhamana ile zilirudishwa hazina mwaka uleule. General Motors iliamua kuizika Pontiac, lakini waliokuwa na magari ya Pontiac waliendelea kuhudumiwa na mawakala wengine wa kampuni hiyo.

Ndiyo maana nasema uvumi wa kifo cha gari hauuawi kwa kukanusha. Huuawa kwa dhamana. Mtu hataki kusikia kwamba gari litaishi milele. Anataka kujua nani atabaki naye likifa.

Turudi kwa Crosstour. Aprili 2015 Honda ilisema wazi kwamba mwaka huo ndio wa mwisho wa gari hilo. Ikaeleza sababu: kiwanda chake cha East Liberty, jimbo la Ohio, kilihitaji nafasi ya kutengeneza magari yaliyokuwa yakitafutwa zaidi, ikiwemo CR-V. Kwa hiyo lililosemwa lilikuwapo. Lakini linganisheni na South Bend. Huko lilikufa gari na kiwanda pamoja. East Liberty lilikufa gari, kiwanda kikapewa kazi nyingine. Kwa mfanyakazi wa mstarini tofauti hiyo ni tofauti ya shibe na njaa.

Nasi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika na wengine tuna somo letu. Mwaka huohuo wa 2015 Toyota nayo iliacha kuuza Marekani gari lake la Venza, lililoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2008 kwa mbio zilezile za krosova. Mwaka 2020 jina la Venza likarudi huko, safari hii likiwa limebandikwa juu ya Harrier ya Kijapani. Baada ya matoleo ya mwaka 2024, jina hilo likaondolewa tena. Marekani jina limezikwa mara mbili. Kwetu Harrier inapita kila barabara, na mwenye nayo hana wasiwasi wa kupata fundi.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukiambiwa gari unalotaka kulinunua limeachwa kutengenezwa, usikimbie, wala usifumbe macho. Uliza limejengwa juu ya msingi wa gari gani, na injini yake imo katika magari gani mengine. Pita kwa wauza spea kabla hujapita kwa muuza gari. Jina huweza kufa kiwandani na utumbo ukaishi katika magari mengine kwa miaka mingi. Gari hilo si yatima, lina ndugu. Lakini ukikuta gari ambalo taa yake, gia yake na injini yake havifanani na vya gari lolote jingine, ogopa, hata kama kiwanda kinaapa kwamba kitalitengeneza daima.

Na kwa wenye viwanda na makampuni, wakubwa kwa wadogo, nina neno moja. Ukimya wenu ni mbolea ya uvumi. Kama kitu kitafungwa, semeni mapema, toeni sababu, na semeni mfanyakazi atakwenda wapi na mteja atamkimbilia nani. Habari mbaya yenye anwani huvumilika kuliko fununu isiyo na mwenyewe.